Nani alisema "chimbeni hapa"?

Ukitaka kununua kiwanja Ombaci leo, hapa nje kidogo ya kitovu cha jiji la Arua, hutakubali mipaka ichorwe na yeyote tu aliyeshika kamba na vigingi. Utamtafuta mpima ardhi aliyesajiliwa, kwa kuwa unajua kwamba siku ugomvi ukizuka, jina lake na namba yake ya usajili ndivyo vitakavyosimama mbele ya hakimu. Ukijenga ghorofa kwenye kiwanja hicho, utadaiwa michoro yenye sahihi ya mhandisi, na mhandisi huyo amebanwa na sheria ya usajili iliyopo Uganda tangu mwaka 1969. Lakini ukitaka kujua kilicho chini ya kiwanja, kama kuna maji, kama ardhi itabeba ghorofa, kama kuna madini, unaweza kumwita mtu yeyote anayejiita mjiolojia. Hakuna sheria ya Bunge inayomlazimisha awe amesajiliwa, hakuna baraza la wenzake linaloweza kumwita ajieleze, na akikudanganya hana leseni ya kunyang'anywa.

Kasoro hiyo inatugharimu sisi wa West Nile kila mwaka, kwa fedha na kwa maji. Ninachokiomba katika makala haya ni kimoja: Bunge liifanye leseni ya mjiolojia kuwa ya lazima kwa kila kazi ambayo uhai wa watu au fedha ya umma inategemea neno lake.

Tuanze na maji, maana huko ndiko mwananchi wa kawaida anakokutana na jiolojia hata kama hajawahi kulisikia neno lenyewe. Ardhi ya kwetu, kuanzia Arua hadi Koboko na kuvuka hadi Yumbe, kwa sehemu kubwa imelala juu ya mwamba wa kale sana, wa itale na jamaa zake. Vilima vya Wati na Liru, ambavyo wazee wa Kilugbara huvitaja wanaposimulia asili yao, ni miamba ya jamii hiyo iliyochomoza juu ya tambarare. Kwingine mwamba huo umefunikwa na udongo mwekundu tunaolima muhogo. Mwamba huu ukiwa mzima haushiki maji. Maji hukaa katika tabaka lake la juu lililooza kwa mvua na joto la miaka isiyohesabika, na katika nyufa zilizo chini ya tabaka hilo. Hakuna mto unaopita chini kwa chini kama wengi wanavyoamini. Ndiyo maana unaweza kupata kisima chema nyuma ya kanisa, ukasogea hatua hamsini hadi uani kwa mwalimu, ukachimba mita tisini na kupata vumbi.

Kwa hiyo anayechagua mahali pa kuchimba amebeba mzigo wote. Kazi yake inavutia kuitazama. Anakuja na kisanduku cha vipimo, betri ya gari, nyaya ndefu na vigingi vinne vya chuma. Vigingi viwili vya nje hupeleka umeme ardhini, viwili vya ndani husoma jinsi umeme huo unavyopita. Anasoma namba, anaandika, vijana wanang'oa vigingi vya nje na kuvisogeza mbali zaidi, wanavigonga tena kwa nyundo, anasoma tena. Kadiri vigingi vinavyotengana ndivyo umeme unavyozama chini zaidi. Mwamba mkavu na mzima huukataa umeme. Tabaka lililooza lenye maji huupitisha.

Na hapa ndipo utaalamu unapoanza. Udongo wa mfinyanzi nao hupitisha umeme vizuri sana, tena haukupi hata ndoo moja ya maji. Kisanduku hakijui tofauti. Hakisemi "maji", kinatoa namba tu. Anayejua tofauti ni mtu aliyesoma, aliyezunguka eneo akitazama mawe yaliyochomoza, aliyeuliza visima vya jirani vilitoa nini na vilikauka mwezi gani, na aliyefundishwa na mkubwa wake makosa ya kuepuka. Kukinunua au kukikodi kisanduku hicho hakuhitaji shahada. Mbele ya wanakijiji, aliyesoma na asiyesoma wanafanana kabisa: wote wana nyaya, wote wana vigingi, wote wanaandika.

Mashine ya kuchimbia ikifika, kazi ya mjiolojia haijaisha. Kila mita moja, vumbi na vipande vya mwamba vinavyotoka hupangwa chini kwa vifungu, kimoja baada ya kingine, na ukipita kando yake unaisoma ardhi kwa rangi: nyekundu, kisha ya manjano, kisha kijivu chenye chembe zinazong'aa, kisha buluu iliyokolea ya mwamba mzima. Mahali maji yalipoingia lazima paandikwe hapohapo. Bomba lenye matundu litawekwa pale pale penye ufa unaotoa maji, na likiwekwa mita chache juu au chini, kisima chema kinakuwa kisima kibovu siku ya kuzaliwa. Baadaye maji yavutwe kwa saa nyingi mfululizo ili ionekane kama kisima kinajirudishia au kinajimaliza. Anayetaka kuondoka mapema atavuta saa moja, maji yatatoka, watu watapiga vigelegele, picha zitapigwa. Kama ni mwezi wa Septemba, mvua zikiwa zimeijaza ardhi, hakuna atakayeujua ukweli mpaka Februari.

Nimewahi kushika mkononi kumbukumbu za visima vya vijiji vilivyo mbali kabisa, zikiwa na tabaka zilezile kwa vina vilevile, neno kwa neno. Ardhi haiko hivyo. Mtu alikaa mezani akanakili. Hakuna jina la mtu lililoandikwa chini ya karatasi zile, ila muhuri wa kampuni, na muhuri hauitwi mbele ya baraza lolote la nidhamu.

Hili si jambo la mtu mmoja mwenye tabia mbaya. Mwaka 2018, Elisabeth Liddle na Richard Fenner wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliandika juu ya namna visima vya pampu za mkono vinavyochimbwa Uganda, na moja ya mambo waliyoyaeleza ni mikataba ambayo mchimbaji halipwi kisima kisipotoa maji. Kwa sikio la mlipa kodi mkataba huo unasikika mzuri: hakuna maji, hakuna malipo. Lakini tazama unachomfundisha mchimbaji. Kwanza, atataka kuchagua mahali mwenyewe, ili asimlipe mtaalamu mwingine. Pili, atapenda bondeni, penye maji ya haraka, hata kama ni mbali na nyumba za watu na karibu na uchafu unaoteremka. Tatu, akipata maji kidogo sana atasema ni mengi, kwa sababu kusema kweli ni kupoteza mafuta yake, mishahara yake na mabomba yake. Tumeujenga mfumo ambao mwongo analipwa na mkweli anafilisika. Mjiolojia mwenye leseni yake binafsi, anayelipwa na mwenye kazi wala si na mchimbaji, na anayeweza kuipoteza leseni hiyo akisaini uongo, ndiye kizuizi pekee kinachoeleweka.

Serikali haikulala moja kwa moja. Kanuni za Rasilimali za Maji za mwaka 1998 zinamtaka mchimbaji awe na kibali, na Wizara ya Maji na Mazingira hutoa vibali hivyo. Ni jambo jema. Ila kibali cha kampuni, kinachotolewa na wizara, si sawa na leseni ya mtu. Kampuni ikinyimwa kibali, wenyewe wanafungua nyingine kwa jina jipya. Mtu hana jina jipya. Daktari aliyefutwa kwenye orodha hawezi kurudi wiki ijayo akiwa daktari mwingine.

West Nile tuna sababu ya pekee ya kulijali hili. Agosti 2016 kambi ya Bidi Bidi ilifunguliwa Yumbe, na ndani ya miezi michache ikawa na wakimbizi zaidi ya laki mbili na nusu kutoka Sudan Kusini. Februari 2017 ikafuata Imvepi. Rhino Camp ilikuwapo tayari, na Lobule kule Koboko ilikuwa imepokea ndugu zetu kutoka Kongo. Malori yalisomba maji ya mto Nile mchana na usiku kwa gharama kubwa, na kila shirika lilitaka visima jana. Katika haraka ya namna hiyo nani ana muda wa kuuliza cheti cha aliyeshika nyaya? Swali hilo linapaswa kuulizwa na kujibiwa na sheria kabla dharura haijafika, kwa sababu dharura ikishafika hakuna anayeuliza chochote.

Tena kuna suala la maji mekundu. Maji ya ardhini katika sehemu nyingi za mwamba wetu yana uchachu, na uchachu hula mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki. Baada ya muda mfupi pampu inatoa maji yenye rangi ya kutu; yanaharibu nguo nyeupe za shule, yanageuza ugali rangi, na akina mama wanarudi mtoni huku pampu ikiwa nzima. Mwaka 2016 wizara ilizuia mabomba hayo kutumika kwenye pampu za mkono. Uamuzi mzuri, ila ulikuja baada ya miaka mingi ya kutu. Kupima uchachu wa maji ni kazi ya dakika tano kwa kifaa cha mkononi. Mjiolojia anayewajibika kwa jina lake angekuwa ameandika tangu mwanzo: maji haya na bomba hili haviwezi kukaa pamoja.

Sasa tuondoke kwenye maji twende kwenye utajiri, maana huko uongo una bei kubwa zaidi.

West Nile iliwahi kutafutwa mafuta. Katika bonde la Rhino Camp, kampuni ya Neptune, iliyokuwa ya Tower Resources ya Uingereza, ilichimba visima vitatu: Iti mwaka 2009, Avivi mwaka 2010, na Mvule mwaka 2012. Vyote vitatu havikutoa mafuta, na kampuni ikasema hivyo hadharani. Wengi wetu tulihuzunika. Hoima walikuwa wameshapata, kwa nini sisi tusipate? Lakini mimi nakitaja kisa hicho kwa heshima. Kampuni ile ilikuwa imeuza hisa zake kwenye soko la London, na soko lile lina masharti juu ya nani anaruhusiwa kuthibitisha habari za kilicho ardhini. Ukweli mchungu ulitoka kwa sababu kulikuwa na mahali ulipolazimika kutoka. Kisima kikavu si aibu ya mjiolojia. Aibu ni karatasi ya uongo.

Linganisha na yaliyotokea Juni 2022. Msemaji wa Wizara ya Nishati na Maendeleo ya Madini aliuambia ulimwengu, kupitia shirika la habari la Reuters, kwamba Uganda imegundua tani milioni 31 za mawe yenye dhahabu, na kwamba humo zingeweza kutoka tani 320,158 za dhahabu safi, zenye thamani ya dola trilioni 12.8. Magazeti ya dunia nzima yalibeba habari hiyo. Watu walisherehekea mitandaoni, wengine wakaanza kuuliza wapi kuna ardhi ya kununua.

Chukua kalamu. Dhahabu yote ambayo binadamu amewahi kuichimba, tangu mafarao hadi leo, inakadiriwa kuwa tani laki mbili na ushei. Tuliambiwa kwamba Uganda pekee imelalia zaidi ya hiyo, karibu mara moja na nusu yake. Gawa tani 320,158 kwa tani milioni 31 za mawe: unapata zaidi ya kilo kumi za dhahabu katika kila tani moja ya jiwe. Mgodi wa Kibali, huko Durba, Kongo, upande wa pili wa mpaka, ambako malori mengi yanayopita Arua huelekea, ni miongoni mwa migodi mikubwa kabisa ya dhahabu Afrika, na wenyewe unaishi kwa gramu chache tu kwa tani. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa jiolojia Makerere angeitazama hesabu hiyo akajua pale pale kuna tatizo.

Nina hakika wapo wajiolojia ndani ya serikali walioliona. Idara ya Uchunguzi wa Jiolojia na Migodi iliyoko Entebbe ina historia inayorudi nyuma hadi mwaka 1919, na ina watu wenye elimu nzuri. Wengi wao walishiriki kazi kubwa ya kuipima nchi kwa ndege na kuchora upya ramani za miamba, kazi iliyomalizika mwanzoni mwa muongo uliopita kwa msaada wa wataalamu wa Finland na wengineo. Si watu wa kuchezewa. Lakini mtumishi wa serikali ambaye kazi yake iko mikononi mwa bosi wake, atamwambiaje bosi huyo kwamba namba aliyoitangaza haiwezekani? Akiwa na leseni, ana la kusema: sheria hainiruhusu kuiacha namba hiyo itoke bila sahihi ya mjiolojia, na mimi sitasaini. Wengi huiona leseni kama fimbo ya kumchapa mtaalamu. Mimi naiona pia kama ngao yake. Bila leseni, ukweli wa mjiolojia unategemea ujasiri wake binafsi, na nchi haijengwi kwa kutegemea kwamba kila mtumishi atakuwa shujaa.

Wakanada walijifunza kwa uchungu. Mwaka 1997 kampuni yao ya Bre-X, iliyokuwa imetangaza dhahabu ya ajabu huko Busang, Indonesia, iligundulika kuwa haina kitu; sampuli zilikuwa zimenyunyiziwa dhahabu kutoka nje. Mabilioni ya dola ya wawekezaji, yakiwemo ya mifuko ya pensheni, yaliyeyuka. Ilipofika Februari 2001, Kanada ilikuwa na kanuni mpya: kampuni ya madini iliyo kwenye soko la hisa haitangazi namba yoyote ya kilicho ardhini bila mtaalamu anayetajwa kwa jina, mwanachama wa chama cha kitaaluma kinachoweza kumwadhibu. Hakuna kanuni inayomaliza wezi duniani, lakini tangu hapo mwizi anahitaji mtu wa pili mwenye cha kupoteza akubali kusaini, na watu hao si wengi.

Kuhusu maporomoko ya ardhi nitasema machache, kwa sababu kwetu si janga kubwa kama lilivyo kwa ndugu zetu wa Mlima Elgon. Machi 1, 2010 mlima ulikifunika kijiji cha Nametsi, Bududa. Miaka minne kabla, mwaka 2006, watafiti walikuwa wamechapisha uchunguzi wao juu ya maporomoko ya eneo hilohilo, Manjiya, na sababu zake. Elimu ilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu mwenye wajibu wa kisheria wa kuifikisha kwa wanaolala chini ya mteremko, na kuendelea kugonga mlango mpaka afunguliwe. Penye taaluma yenye leseni, usalama wa umma unatangulia masilahi ya anayekulipa, na ukikaa kimya juu ya hatari unayoijua umevunja kiapo.

Wenzetu wa Afrika hawakungoja. Kenya ilitunga Sheria ya Usajili wa Wajiolojia mwaka 1993, na ukitaka kuchimba kisima kule unatakiwa kuambatanisha ripoti ya mtaalamu wa maji ya ardhini. Nigeria iliunda baraza la wahandisi wa madini na wanajiosayansi mwaka 1990. Afrika Kusini inawasajili kwa sheria ya mwaka 2003. Sisemi kwamba kwa wote hao mambo ni shwari. Kenya nako wapo wenye ripoti za kunakili. Tofauti ni kwamba Kenya kuna mlango wa kupelekea malalamiko.

Kijana wetu naye anapoteza. Desemba 2012 bodi za wahandisi za Kenya, Tanzania na Uganda zilitia sahihi makubaliano ya kutambuana, mhandisi aliyesajiliwa nchi moja aweze kufanya kazi nyingine. Makubaliano ya namna hiyo hufanywa na bodi kwa bodi. Nchi isiyo na bodi ya wajiolojia haina wa kumtuma mezani. Mtoto wa hapa aliyesoma St. Joseph's College Ombaci, akaenda Makerere, akarudi na shahada ya jiolojia, ataomba kazi Nairobi na kuulizwa namba ya usajili ambayo nchi yake haijawahi kumpa.

Nazijua hoja za upande wa pili, na baadhi yake ni nzito. Nzito kuliko zote ni ile inayosema kwamba bodi za kitaaluma hugeuka kuwa klabu ya wakubwa wa Kampala: ada kubwa, mtihani mjini, mapendekezo ya watu watatu ambao kijana wa Koboko hawajui, na mwishowe leseni inakuwa ukuta wa kuwakinga walioingia kwanza. Hofu hiyo ni ya kweli na tumeiona kwingine. Jibu lake ni kuiandika sheria kwa macho wazi. Ada ya anayeanza iwe ndogo na itajwe ndani ya sheria, isiachiwe bodi. Mtihani ufanyike Arua, Gulu, Mbale na Mbarara, kwa tarehe zinazojulikana. Bodi iwe na viti vya watu wasio wajiolojia, akiwemo mwakilishi wa watumiaji wa maji. Na maamuzi ya nidhamu yachapishwe, jina na kosa, ili sote tusome. Bodi inayoficha majina ya iliowaadhibu haina kazi.

Wengine wanauliza, na wachimbaji wadogo je? Yule anayechekecha mchanga wa mtoni, au mama anayeponda kokoto kando ya barabara ya Koboko? Sheria hii isiwaguse kabisa. Wao wanatafuta riziki kwa mikono yao na hawamwuzii mtu neno la kitaalamu. Wala isimguse anayechimba kisima kifupi uani kwake, hata akimtumia mzee anayetafuta maji kwa kijiti. Leseni imhusu anayelipwa kusema kilicho ardhini, pale wengine watakapojenga, watakapokunywa au watakapowekeza kwa kulitegemea neno lake. Sheria ya Madini ya mwaka 2022, iliyoifuta ile ya 2003, imewatambua wachimbaji wadogo. Itakuwa dhambi kuwanyang'anya kwa mlango wa nyuma walichopewa kwa mlango wa mbele.

Kuna pia hofu ya wataalamu wenyewe, kwamba wajibu wa kisheria utawafanya wafungwe kwa kukosea. Wanakitaja kisa cha L'Aquila, Italia, ambako baada ya tetemeko la Aprili 2009 wanasayansi sita na ofisa mmoja walihukumiwa miaka sita jela mwaka 2012. Nawaelewa. Lakini wamalizie kisa chenyewe: Novemba 2014 wanasayansi wote sita walifutiwa hatia kwenye rufaa. Tunachohitaji kuandika ni kwamba mjiolojia hahukumiwi kwa matokeo, anahukumiwa kwa uaminifu wa kazi. Je, alifika mahali penyewe? Je, alipima alichosema amepima? Je, aliandika mashaka yake au aliyaficha? Aliyefanya hayo akapata kisima kikavu, alipwe ada yake yote na ashukuriwe, kwa kuwa amejua na ametuambia kwamba hapa hapana maji. Na mkataba wa "hakuna maji, hakuna malipo" upigwe marufuku katika fedha za umma, la sivyo leseni itakuwa pambo. Mjiolojia mwenye njaa na leseni bado ana njaa.

Gharama je? Kisima kitapanda bei kidogo, ndiyo. Lakini hesabu ya bei ya kisima kinachokauka mwaka wa pili nayo ifanywe, pamoja na saa za wasichana wanaorudi kutembea kwenda mtoni badala ya kwenda shule.

Naomba wabunge wa West Nile, wa vyama vyote, wasisubiri muswada huu uletwe na wizara. Kanuni za Bunge zinamruhusu mbunge kuleta muswada binafsi. Sehemu inayochimbiwa visima vingi kama yetu, inayopokea wakimbizi wengi kama yetu, na inayokaa mlangoni mwa dhahabu ya Kongo, ndiyo yenye haki ya kuongoza jambo hili.

Na wewe msomaji uliye mwenyekiti wa kijiji (LC1), au mjumbe wa kamati ya maji ya kijiji, huhitaji kungoja Bunge kwa hili moja. Siku kampuni itakapokuletea karatasi ya kukabidhi kisima, uliza jina kamili la mtu aliyechagua mahali pa kuchimba, alisoma wapi, maji yalivutwa kwa saa ngapi, na uchachu wake ulipimwa na nani. Taka yaandikwe kwenye karatasi hiyohiyo, mbele ya wanakijiji. Yasipoandikwa, usitie sahihi yako.